Karatasi ya Kufungia Nyama

Mdogo wangu alimkata muuza mkaa mkono karibu na kiwiko, na muuza mkaa akafa kabla ya saa sita mchana. Naanza na hilo makusudi. Watu wakisimulia habari hii huanza na kifo cha mdogo wangu, wakanifanya mimi kuwa mtu wa kuonewa huruma, nami huruma yao siitaki.

Mdogo wangu tulimwita Paja. Alikuwa na bucha kwenye kona ya soko, na kila mteja aliyeuliza leo kuna nini alijibiwa kuna paja, hata kama kilichobaki kwenye ndoano ni mbavu na pafu moja linalodondosha maji. Mama alifariki yeye akiwa na miaka minne na mimi ishirini, nikamlea. Nilimfundisha kusoma kwa karatasi nilizoharibu kazini. Wote wawili hatukujaliwa watoto, kwa hiyo nilikuwa naye yeye tu na yeye alikuwa nami tu.

Soko letu liko katikati ya mitaa miwili, mtaa wa juu na mtaa wa chini ambao ni wetu, na lilikuwa na mageti mawili. Ofisi ya soko ikatangaza kwamba geti moja litafungwa, haikusema lipi. Basi kila mtaa uliamka siku hiyo umeshaamua kwamba litafungwa la wenzao. Saa tatu walikuwa wanatukanana, saa nne mawe, saa nne na nusu mapanga. Nilitazama kupitia wavu wa dirisha la duka langu la fotokopi. Nilimwona mwanamke akipigwa usoni kwa jiwe la mizani. Nilimwona mtu akikimbia na sikio lake mwenyewe mkononi. Muuza mkaa, wa mtaa wa juu, alikuja na beleshi akampiga Paja begani, na Paja alikuwa na kisu cha kazi mkononi kwa sababu alitoka bucha mbio bila kukiweka chini. Mkono ulibaki umeshikwa na ngozi. Muuza mkaa akakaa juu ya gunia lake, akaubeba ule mkono kwa mkono mwingine kama mtu aliyempakata mtoto aliyelala, akatazama watu wanavyopita. Mkaa ukainywa damu yote, hata alama haikuonekana.

Kwenye vumbi lile, watu themanini wenye vyuma mkononi, hakuna aliyeweza kuapa ni nani aliyemkata. Polisi walifika vita vimeisha, wakapiga mabomu ya machozi, wakazoa watu arobaini wakiwemo kinyozi na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Baada ya wiki waliwaachia wote, maana hakuna aliyekubali kutoa ushahidi. Yule mteja alirudi bado upande mmoja.

Hapo ndipo Baraza la Meza lilipokaa. Ni baraza la wazee saba wa mitaa yote miwili, wanaokutana nyuma ya duka la fundi cherehani, kwenye meza kubwa ya kukatia nguo. Mwenyekiti wao ni fundi saa, mtu mkavu, mwenye kioo kidogo cha jichoni ambacho husahau kukivua. Kanuni yao ni ya zamani kuliko ofisi yoyote ya mji huu. Aliyetenda huja kwa miguu yake, huweka mezani kile alichotumia, husema kilifanya nini. Mbele yake hukaa ndugu mmoja wa aliyeumizwa. Mmoja tu. Huyo husikia kwa niaba ya ukoo mzima, na akirudi nyumbani huwaambia wenzake maneno matatu: nimemwona, nimemsikia, yamekwisha. Jina hubaki tumboni mwake mpaka kaburini. Mtu mmoja anaweza kubeba jina, lakini ukoo mzima ukilijua, lazima mmoja wao atasimama. Kisha chuma hukatwa uani na fundi wa kuchomelea, pande zote mbili zikiwa zimekishika.

Hakuna karatasi. Haijawahi kuwepo.

Karatasi niliileta mimi. Mwaka huo tulikuwa tumepata mkuu mpya wa usalama, afande mwenye adabu, aliyewaamkia wazee wote shikamoo mmoja mmoja na viatu vyake vinang'aa. Alisema anataka kufanya kazi na baraza badala ya kulipuuza kama waliomtangulia. Serikali italitambua, askari wataheshimu maamuzi yake, ila anaomba kitu kimoja, muhtasari wa kila kikao. Fundi saa alimsikiliza akiwa na kile kioo jichoni, jicho moja kubwa na moja dogo.

“Karatasi haijui nani ameshasamehewa, afande,” akamwambia.

Niliudhika mimi. Miaka thelathini na minne nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, mpaka leo wananiita Mama Taipu, na hapa mzee wa kutengeneza saa anaidharau karatasi mbele ya mgeni. Nikawazungukia wazee siku mbili, nyumba kwa nyumba. Niliwaambia zama zimebadilika, baraza lisiloandika litaonekana kijiwe cha kahawa. Walikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti moja: niandike kilichoamuliwa, nisiandike majina.

Paja aliitikia wito kabla hata hajaitwa. Alikuja dukani kwangu asubuhi, akasimama pale kwenye mashine, akasema, “Dada, silali.” Sikumuuliza kwa nini. Alasiri hiyo aliweka kisu chake mezani mbele ya mjane wa muuza mkaa, mwanamke mwembamba aliyekuja na khanga yake ya eda, akasema kila kitu, hata jinsi chuma kilivyogonga mfupa kikateleza. Mjane hakulia. Alimuuliza jambo moja tu, kama mumewe alisema chochote. Paja akajibu kwamba hakusema. Fundi saa akauliza, “Umesikia?” na mjane akajibu, “Nimesikia.” Kisu kikakatwa. Nilikuwa nimekaa pembeni na daftari langu, najiambia mdogo wangu amepona.

Jioni nikapiga chapa. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo nilipoua. Nilipofika kwenye waliohudhuria, vidole vilikataa kuacha wazi. Muhtasari bila majina! Miaka thelathini na minne ningeletewa kitu kama hicho ningekirudisha kwa aliyekileta. Nikajiambia afande ni mtu mmoja, bahasha itagundishwa, kabati lake lina kufuli. Nikaandika jina la Paja kamili, la baba na la babu, na mbele yake nikaandika kosa alilokiri, na jina la marehemu. Nikabonyeza. Mashine ikatafuna pembe ya karatasi na wino ukatoka hafifu upande wa kushoto. Nikaitupa kwenye boksi chini ya meza, nikatoa nyingine safi, nikaitia sahihi. Tarishi wa afande, mzee mmoja anayechechemea, akaja kuchukua bahasha.

Boksi lile lilikuwa la Paja. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, kila Jumamosi alipita kulichukua, akazitoboa karatasi zangu zilizoharibika, akazitundika kwenye msumari wa bucha, akawa anafungia nyama. Alizitundika upande wa maandishi ukitazama ukuta ili wateja waone karatasi nyeupe. Hakuwa na sababu ya kuzisoma.

Jumatano iliyofuata nilimkuta. Saa moja asubuhi, jua limeshatoka, napeleka chupa ya chai kama kawaida. Mlango wa bucha ulikuwa wazi na mbwa wawili walikuwa wamesimama kizingitini hawaingii. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye gogo la kukatia, miguu sakafuni, kama aliyeinama kutafuta kitu. Shingo ilikuwa imefunguka. Taya lilikuwa limepasuka, na meno mawili yalikuwa kwenye sahani ya mizani. Kishoka chake hakikuwepo. Nilishika kichwa chake nikijaribu kukirudisha mahali pake, sijui nilifikiri nini, na damu ikanijaa kwenye mikono ya gauni mpaka viwikoni. Niliita jina lake halisi, ambalo sikuwa nimelitumia tangu alipokuwa shule.

Nani aliyejua? Hilo ndilo swali lililozunguka msibani. Vijana wa mtaa wa chini walikuwa wamekaa uani na vyuma vyao chini ya mikeka, wanasubiri jina tu. Mjane hawezi kuwa amesema, mjane alikuwa amemaliza. Wazee hawasemi. Nami, mbele ya watu wote, macho yamenivimba, nikasema maneno niliyodhani ni ya akili: bahasha ilibebwa na tarishi, na tarishi anakaa mtaa wa juu.

Walimkuta kesho yake kwenye ngazi za ofisi. Walimvunja mikono yote miwili kwa nondo, mmoja baada ya mwingine, wakimuuliza amemwambia nani, na mzee wa watu akawataja kila mtu aliyemjua mpaka watoto wake, kwa sababu hakuwa na jibu. Walimwagia petroli. Kilichomwokoa ni kiberiti kilicholowa jasho la aliyekishika. Askari wakamchukua wakampeleka hospitali, na vijana wakahamia kwenye geti la hospitali, zamu kwa zamu, wanangoja atoke. Mimi nilisikia habari hizo nikasema vizuri. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Siku ya tano fundi saa alikuja dukani. Safari hii kile kioo alikuwa amekivua.

“Aliyemuua ndugu yako amekuja mezani,” akasema. “Wa kusikia ni wewe.”

Nilimwambia siendi. Nikamwambia ampeleke huyo mtu kwa wale vijana, waweke meza yao. Hakubishana nami. Aliniambia tu kwamba vijana wa mtaa wa chini wamepanga kwamba isipojulikana kufikia saa tisa mchana, wataingia hospitali wammalize tarishi, kisha wapande mtaa wa juu nyumba kwa nyumba, na wale wa juu wameshajua na wanachonga mikuki. Akageuka akaenda. Nikafunga duka nikamfuata.

Kishoka kilikuwa mezani tayari, kati ya chaki na vipande vya kitambaa. Nilikijua kabla sijakaa. Mpini wake niliuzungushia mwenyewe mpira wa tyubu ya baiskeli usimteleze mkononi. Na aliyekaa nyuma yake ndiye aliyeniuzia mpira huo: fundi baiskeli wa mtaa wa juu, mdogo wake muuza mkaa, kijana mwenye ndevu chache na mafuta meusi kwenye kucha. Kishoka kilikuwa karibu zaidi na mimi kuliko na yeye, na nilipima kwa macho.

“Jumanne jioni nilinunua nusu kilo ya mbavu,” akaanza. Alikuwa anaongea na meza. “Nimefika nyumbani, nimefungua, naona jina la kaka kwenye karatasi. Nikasoma mara tatu. Shemeji alikuwa jikoni. Nikamuuliza, akaniambia nile nikalale. Ndipo nikajua kwamba alikuwa anajua.”

Akafuta kucha zake kwenye suruali, akaendelea.

“Asubuhi nikaenda bucha. Akanisalimia vizuri. Nikamuuliza kuna nini leo. Akasema kuna paja. Akainama kuchukua, nikashika kishoka. La kwanza lilimpata hapa. La pili hapa. Baada ya hapo sikuhesabu.”

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imekauka kwa mafuta ya nyama, akaifungua karibu na kishoka. Pembe imetafunwa. Wino hafifu upande wa kushoto.

Sikuhitaji kuisoma. Nilitazama ile pembe, nikamwona Paja Jumamosi, amebeba boksi begani, ananitania kwamba mashine yangu ina njaa kuliko mbwa wa soko. Nilikuwa nimecheka. Nilikuwa nimemfungulia mlango kwa sababu mikono yake yote miwili ilishika boksi.

“Umesikia?” fundi saa akauliza.

Neno hilo likisemwa limesemwa, hakuna kurudi. Nilimchukia yule kijana mpaka meno yakaniuma, na wakati huohuo nilijua kwamba ningekuwa yeye, nimefungua mbavu nikakuta jina la ndugu yangu, ningefanya alichofanya. Nikasogeza kishoka upande wake. Karatasi nikaivuta upande wangu.

“Nimesikia,” nikasema. “Hicho kishoka ni chako. Hii karatasi ni yangu, nimeipiga chapa mimi, na nimeitupa mimi. Niliambiwa nisiandike majina.”

Wazee saba wakanitazama. Fundi baiskeli aliinua macho kwa mara ya kwanza, na nilivyoona anavyonitazama nilitamani angeendelea kutazama meza. Tukaenda uani tukakishika kishoka, yeye mpini na mimi ncha, na fundi wa kuchomelea akakikata. Cheche ziliniunguza mkono sikuuondoa.

Fundi saa alinisindikiza mpaka mlangoni. Aliniambia la fundi baiskeli linabaki mezani, ila la kwangu ni langu, na naweza kulitoa nje nikitaka. Hakuniambia nilitoe. Saa nane na nusu nilikuwa kwenye geti la hospitali.

Walikuwa kama thelathini, na mbele yao mpakia mizigo wa sokoni, mtu mpana, rafiki wa Paja tangu wote wawili hawana meno ya mbele. Ndiye aliyeshika nondo siku ya tarishi. Askari wawili wa afande walikuwa ndani ya geti, vijana wadogo wenye bunduki. Nilimwambia mpakia mizigo kwamba tarishi hakufungua bahasha wala hakusema neno. Nikamwonyesha karatasi, nikamweleza boksi, msumari, nyama. Nilisema kwa sauti, wa nyuma nao wasikie.

“Nani aliinunua hiyo nyama?” akauliza.

“Aliyetakiwa kusikia ni mimi. Nimemwona, nimemsikia, yamekwisha.”

“Yamekwisha vipi, Mama Taipu? Tumemvunja mzee wa watu bure. Kwa mdomo wako.”

“Ndiyo.”

“Na Paja umemuua wewe.”

“Ndiyo.”

Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Akaniuliza napigia chapa kwa mkono gani. Nikaweka yote miwili juu ya ukuta wa geti, palipo bapa. Akachagua wa kulia. Nondo ilishuka nikasikia mifupa kabla ya kusikia maumivu, mlio mkavu, kisha maumivu yakaja yakanipeleka chini kwa magoti. Askari mmoja akainua bunduki, nikampigia kelele asithubutu. Mpakia mizigo aliinua nondo mara ya pili, akakitazama kile kilichokuwa mkono, akashusha nondo polepole. Akageuka. Wenzake wakamfuata wawili wawili. Saa tisa ikapita hakuna nyumba iliyochomwa.

Vidole vitatu havikurudi. Kila siku nilikwenda wodini kumlisha tarishi, ambaye mikono yake ilikuwa kwenye plasta mpaka mabegani. Mimi ninashika kijiko kwa mkono wa kushoto, nusu ya uji inaishia shingoni mwake, naye ananiambia kwamba hata akipona atadai kulishwa, maana nimemzoesha vibaya. Alinisamehe upesi mno. Mjane wa muuza mkaa hakunisamehe. Alikuwa amebeba jina lile peke yake ili shemeji yake asiwe muuaji, na karatasi yangu ikamfanya muuaji. Akiniona alivuka barabara.

Afande alirudi barazani mwezi uliofuata. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Alisema amefungua majalada mawili ya mauaji na wakubwa wake wanampigia simu kila asubuhi.

“Nina maiti mbili,” akasema, “na sina hata mshtakiwa mmoja.”

“Una maiti mbili,” fundi saa akamjibu, “na huna ya tatu.”

Afande akafungua mkoba wake, akatoa bahasha yangu, ile nakala safi, bado imegundishwa. Hakuwahi kuifungua. Akaiweka mezani akaondoka, na fundi cherehani akaichoma kwa makaa ya pasi yake.

Wiki hiyo mpakia mizigo alileta nondo. Aliileta kwa ajili ya tarishi na kwa ajili yangu. Mke wa tarishi alisikia kwa niaba ya mumewe, akamaliza, akatoka. Zamu yangu ikafika. Fundi saa akauliza ni nani wa kunisikilizia, kwa kuwa aliyeumizwa hasikii mwenyewe, anasikiliziwa na ndugu. Nikasema sina ndugu. Nilikuwa naye mmoja tu, wote mnajua yuko wapi. Wazee wakatazamana. Katika miaka yote haijawahi kutokea mtu akakaa mezani bila mtu wake. Mpakia mizigo alikuwa amesimama na nondo mikononi, hajui aiweke au aondoke nayo.

Mlango ukafunguliwa. Mjane wa muuza mkaa aliingia na khanga yake, hakunisalimia, akavuta kigoda, akakaa kwenye nafasi ya ndugu.

“Nitasikia mimi,” akamwambia fundi saa.

Fundi saa akavua kioo jichoni, akakiweka mfukoni, akamwambia mpakia mizigo aanze.